Slaisi Iliyokaa Miaka: Hotuba kwa Wachezaji na Makedi wa Nakuru

Bwana Nahodha, Bi. Nahodha wa upande wa wanawake, wazee wangu, vijana wa hapa nyumbani, na nyinyi makedi, mnaowabebea wachezaji mabegi ya fimbo, mliosimama kule nyuma ilhali viti vipo hapa mbele: hamjambo? Naomba msogee mkae. Mengi ya nitakayosema leo yanawahusu nyinyi kama yanavyowahusu wenye mabegi.

Nimeombwa nizungumzie kosa moja tu la swingi ya gofu, yaani la namna tunavyoizungusha fimbo, na kosa lenyewe mnalijua. Mpira unatoka vizuri, unapaa, halafu unaanza kupinda kulia, unazidi kupinda, mpaka unaingia mitini. Slaisi. Mnaopiga kwa mkono wa kushoto mtaniwia radhi, mgeuze kila nitakachosema. Sizungumzii slaisi ya mtu aliyeanza mwezi uliopita. Huyo aendelee kucheza na kufurahi. Nazungumzia ile iliyozeeka na mwenyewe. Amefundishwa, amepigwa video, amenunua draiva mpya, ile fimbo ndefu ya mkwaju wa kwanza, amepewa ushauri na kila aliyetembea naye mashimo 18, na bado ipo.

Slaisi ya namna hiyo haikai kwa sababu mtu ni mvivu au hana kipaji. Inakaa kwa sababu ni jibu. Mwili wa binadamu ni mwerevu, na hausubiri mwalimu. Ukiona mpira umekwenda kulia mara kadhaa, wenyewe unatafuta namna ya kuurudisha kushoto. Mabega yanageuka yatazame kushoto. Mguu wa mbele unarudi nyuma kidogo. Mikono inaanza kuvuta fimbo kutoka nje kuja ndani, yaani kutoka mbali na mwili kuja upande wa mwili, kama kuukwangua mpira kuelekea kushoto. Yote hayo ni juhudi ya haki kabisa. Tatizo ni kwamba katika mchezo huu, jibu linaloonekana la busara ndilo linalouongeza ugonjwa. Ndiyo sababu wachezaji wanaojitahidi kuliko wote mara nyingi ndio wenye slaisi kubwa kuliko wote. Naumia sana ninapowaona, maana hawakosi bidii, bidii yao imeelekezwa pabaya.

Nieleze ni kwa nini, na hapa nitachukua muda.

Mpira wa gofu una uzito usiozidi gramu 45.93. Unagusana na uso wa fimbo, ile sehemu bapa inayougonga, kwa takriban nusu ya elfu moja ya sekunde. Katika muda huo mpira haujui kama umekunja kiwiko, haujui kama goti limeyumba, haujui kama umeshusha pumzi. Unajua mambo machache tu: uso wa fimbo ulikuwa unatazama wapi, kichwa cha fimbo kilikuwa kinasafiri kuelekea wapi na kwa kasi gani, na umegongwa na sehemu gani ya uso huo. Basi.

Kwa miaka mingi walimu walifundisha kwamba mpira unaanzia safari yake kule fimbo inakosafiri, kisha unapinda kuelekea kule uso unakotazama. Zilipokuja mashine za rada, mwanzoni mwa karne hii, ikaonekana wazi kwamba mambo ni kinyume. Mpira huanza safari karibu kabisa na kule uso unakotazama: kwa draiva, takriban asilimia 85 ya mwelekeo wa kwanza hutokana na uso, kwa fimbo za chuma, takriban asilimia 75. Kupinda ndiko kunakotokana na tofauti kati ya uso na njia ya fimbo. Uso ukitazama kulia kwa njia ya fimbo, mpira utapinda kulia. Tofauti ikiwa ndogo, utapinda kidogo. Ikiwa kubwa, mtaenda kuutafuta.

Sasa mtazameni tena yule mchezaji anayejitahidi. Mpira umekwenda kulia kwa sababu uso ulikuwa wazi, yaani ulitazama kulia. Yeye, badala ya kuugusa uso, anabadilisha njia: anapiga kuelekea kushoto zaidi. Uso haujabadilika sana, njia imekwenda kushoto, kwa hiyo tofauti kati yao imepanuka. Mpira unapinda zaidi. Anaona umepinda zaidi, anavuta kushoto zaidi. Kila siku anaongeza dawa ile ile inayomlisha ugonjwa, na baada ya miaka mitano ile njia ya kutoka nje kuja ndani imekuwa ndiyo swingi yake. Ukimwambia aiache, unamwambia aache kitu pekee kinachouzuia mpira wake usiruke ua. Mwili utakataa, na una haki ya kukataa.

Kuna jambo la kwetu hapa ambalo huwachanganya wengi. Uwanja wetu uko chini ya mlima Menengai, na Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi. Hewa nyepesi haiusukumi mpira sana, kwa hiyo unakwenda mbali na pia haupindi sana. Mchezaji wa hapa mwenye slaisi ya kiasi anaweza kuishi nayo kwa raha. Kisha anasafiri kwenda kucheza Nyanza Club kule Kisumu, karibu mita 700 chini yetu, kando ya ziwa, hewa nzito, na mchana upepo unavuma kutoka ziwani. Slaisi yake inafunguka kama haijawahi. Anarudi nyumbani akisema swingi imeharibika njiani. Haijaharibika. Ni ile ile, imeonekana tu. Kwa hiyo mkitaka kujua ukubwa wa kosa lenu, msijipime kwa uwanja wa nyumbani peke yake. Anayetoka Eldoret, juu zaidi yetu, aongeze tahadhari hiyo.

Tiba basi inaanzia wapi? Inaanzia kwenye uso, na uso unaanzia mikononi. Naomba kila aliye na kitu chenye mpini akishike sasa hivi, hata mwavuli. Tazama mkono wako wa kushoto. Ukiona kifundo kimoja tu cha kidole, au huoni hata kimoja, umepata mahali pa kuanzia. Geuza mkono huo kulia juu ya mpini mpaka uone vifundo viwili, hata vitatu. Ule mfereji kati ya kidole gumba na kidole cha shahada uelekee kwenye bega lako la kulia. Mkono wa kulia nao uje kwa ubavu, usikae juu ya mpini. Mpini ulale kwenye mizizi ya vidole, usipite katikati ya kiganja. Na usiukabe. Anayekaba mpini huzuia viganja visigeuke, na viganja visipogeuka uso unabaki wazi.

Utajisikia vibaya. Hilo nataka mlisikie kutoka kwangu kabla hamjaenda uwanjani, kwa sababu watu wengi huacha mshiko mpya kabla jua halijatua, wakidhani kujisikia vibaya ni dalili ya kukosea. Mikono iliyoshika vile vile kwa miaka haiwezi kupokea mshiko mwingine kwa furaha. Mshiko unabadilishwa nyumbani, mbele ya televisheni, fimbo mkononi, bila mpira. Mpira ukiwepo, macho yanadai matokeo, na mikono inarudi ilikozoea.

Sasa nakuja mahali ambapo matibabu mengi hufia, na ndipo ninapotaka mkumbuke zaidi kuliko kwingine kote.

Ukishabadilisha mshiko vizuri, mpira utaanza kwenda kushoto. Si kushoto kidogo. Utatoka kushoto moja kwa moja, au utapinda kushoto, mbali, na utaaibika mbele ya wenzako. Fikiria gari linalovuta kulia. Dereva ameliendesha miaka akiukandamiza usukani kushoto, mpaka mkono umesahau kwamba unakandamiza. Fundi akiyanyoosha magurudumu, siku ya kwanza gari litaingia upande wa pili wa barabara, kwa sababu magurudumu yamenyooka lakini mkono bado unavuta. Hakuna dereva mwenye akili atakayerudi kwa fundi kumwambia ayapinde tena. Lakini kwenye gofu ndivyo tunavyofanya! Mpira wa kwanza ukienda kushoto, mtu anasema mshiko huu si wangu, anarudi kwenye ule wa zamani, slaisi inarudi, na anajisikia yuko nyumbani.

Huo mpira wa kushoto ndio habari njema kuliko zote. Maana yake uso umefungwa, na kinachobaki ni njia ya zamani tu. Ukivumilia hapo, kitu cha ajabu kinatokea: mwili uleule mwerevu ulioitengeneza slaisi unaanza kutafuta jibu jipya. Unaona mipira inakwenda kushoto, na wenyewe, bila kuamriwa, unaanza kupeleka fimbo kulia. Njia inanyooka kwa sababu sasa mwili una sababu ya kuinyoosha. Nimemfundisha mama mmoja, mfanyabiashara wa hapa mjini, ambaye alifika hatua hiyo na kutaka kuacha gofu kabisa. Kila mpira kushoto. Nilimsihi asibadilishe chochote, apige tu, na aangalie mpira unaangukia wapi. Hatukuzungumza juu ya mabega wala nyonga. Ile njia yake ya kuvuta, ambayo walimu walikuwa wameipigia kelele kwa miaka, ilianza kufa polepole kwa kukosa kazi. Leo anapiga mpira unaopinda kidogo sana, upande anaoutaka yeye.

Yule ambaye mwili wake unachelewa anaweza kusaidiwa. Weka kandambili, au chupa tupu ya maji, upande wa mbali wa mpira, upana wa kiganja kutoka ulipo, na nyuma yake kidogo. Fimbo ikija kutoka nje itaigonga. Anza na fimbo ya chuma namba 7, mikono isipite kiuno kwenda wala kurudi, polepole kiasi cha kuweza kuhesabu moja, mbili. Usiongeze mwendo mpaka mkwaju mdogo huo unyooke. Angalia pia mabega yako yanatazama wapi unaposimama. Weka fimbo chini kama reli, maana mtu mwenye slaisi ya miaka huwa ametazama kushoto bila kujua, na miguu inaweza kunyooka huku mabega yamebaki kulekule. Mpira nao usiwe mbele mno. Kwa draiva, usawa wa kisigino cha kushoto unatosha. Ukizidi hapo, fimbo inaufikia ikiwa tayari imegeukia kushoto.

Kuna slaisi inayotokana na kisigino cha draiva. Mpira ukigongwa karibu na mpini, kichwa cha fimbo kinageuka na kuupa mpira mzunguko wa kwenda kulia, hata kama kila kitu kingine kilikuwa sawa. Kulijua ni rahisi: paka chaki ya darasani kwenye uso wa draiva, piga, tazama alama. Inashangaza jinsi watu wanavyogharamia masomo kabla ya kufanya jambo hilo la bure.

Kuhusu vifaa nitasema neno moja tu, na nalielekeza kwenu makedi. Wengi wenu mnacheza siku zenu za kupumzika kwa fimbo mlizopewa, mipini imechakaa hadi inateleza. Mpini unaoteleza unakulazimisha kukaba, na tumeshaona kukaba kunazaa nini. Badilisheni mipini kabla ya kubadilisha swingi. Na nyinyi wenye mabegi, mkimpa kijana fimbo ya zamani, mpeni na mpini mpya.

Makedi, bado niko nanyi. Kuna maneno mawili yanayosemwa kila siku kwenye viwanja vyote kuanzia hapa mpaka Kitale: umeinua kichwa. Mpira ukienda kulia, umeinua kichwa. Ukikwaruza juu ya mpira, umeinua kichwa. Nawaomba kwa heshima muyapumzishe maneno hayo. Annika Sörenstam, mshindi wa mashindano makuu 10, na David Duval, aliyeshinda The Open, moja ya mashindano makuu ya gofu, mwaka 2001, wote walikuwa wakigeuza kichwa kuelekea shabaha hata kabla ya fimbo kuufikia mpira, na mipira yao ilinyooka. Anayeshinikizwa kukizuia kichwa chini huufunga mwili wote, na mikono ndiyo inayobaki kufanya kazi peke yake. Badala yake, mwambieni mchezaji mlichokiona nyinyi, kwa sababu macho yenu yako mahali pazuri kuliko ya mtu mwingine yeyote: mpira ulianzia wapi, na ulipinda kuelekea wapi. Mambo hayo mawili yanatosha. Ulianzia kushoto ukapinda kulia: uso ulitazama kushoto, lakini njia ilikuwa kushoto zaidi. Ulianzia kulia ukazidi kulia: uso ulikuwa wazi kweli kweli, rudi kwenye mshiko. Ulianzia kushoto ukaendelea kushoto bila kupinda: uso na njia vimekubaliana, tunakaribia. Kedi anayeweza kusema hivyo kwa upole, mara moja, akanyamaza, huyo ni mwalimu. Wachezaji wengi wa kulipwa wa nchi hii walianza wakibeba mabegi, na naamini kutazama huko kwa miaka ndiko kulikowafundisha.

Msiingilie kila kitu kinachoonekana kibaya. Calvin Peete wa Marekani alivunjika kiwiko cha kushoto utotoni na hakuweza kuunyoosha mkono huo kikamilifu; akaongoza wachezaji wa PGA Tour, mfululizo wa mashindano ya kulipwa ya Marekani, kwa usahihi wa draiva miaka 10 mfululizo, 1981 hadi 1990. Jim Furyk fimbo yake inazunguka juu kama inapotea njia, na bado mwaka 2016 alipiga raundi ya mikwaju 58 tu kwenye PGA Tour. Uso na njia vinapofika kwenye mpira vimekubaliana, hayo mengine ni sura ya mtu. Kwa upande mwingine, anayehitaji kubadilika asitarajie miujiza ya wiki moja. Nick Faldo wa Uingereza alikuwa ameshashinda mashindano Ulaya alipoamua, mwaka 1985, kuijenga swingi yake upya na mwalimu David Leadbetter. Alipita misimu ya shida, watu wakasema amejiharibu. Mwaka 1987 alishinda The Open kule Muirfield, na siku ya mwisho alipata par, ile idadi ya mikwaju iliyowekewa kila shimo, kwenye mashimo yote 18. Ben Hogan wa Marekani yeye aliteswa na ugonjwa wa upande wa pili, huki, mpira kupinda kushoto, na sehemu kubwa ya dawa yake ilikuwa kwenye mshiko: aliugeuza mkono wa kushoto kuelekea shabaha, kinyume cha nilichowaambia nyinyi mfanye. Ugonjwa ni kinyume, lakini mlango wa tiba ni uleule.

Kuna swali nililoulizwa kabla sijapanda hapa, na ni zuri: nifanye nini Jumamosi, kwenye mashindano, na matibabu hayajaisha? Jumamosi usijitibu. Cheza na mpira ulio nao. Kama leo unapinda kulia, simama upande wa kulia wa tii, pale pa kuanzia shimo, lenga kushoto ya katikati kwa mabega na uso pamoja, na uuache upinde. Seve Ballesteros wa Hispania, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978, draiva yake ilimpeleka vichakani kazi yake yote, na akashinda The Open mara 3 kwa sababu hakusimama kulumbana nayo katikati ya raundi. Jambo moja tu usilifanye: usiurudishe mshiko wa zamani, hata kwa shimo moja, hata mbele ya maji. Shika mpya, piga polepole, chagua fimbo fupi zaidi pale tii inapokubana. Shimo la par 5 halimlazimishi mtu yeyote kutoa draiva.

Siku za wiki ndizo za kutibu, na huko usipige mpira baada ya mpira kuelekea sehemu moja mpaka jasho likauke. Badilisha shabaha kila mara, badilisha fimbo, rudi nyuma ya mpira uangalie upya, kama vile unavyofanya uwanjani. Na fikra zako zikae nje ya mwili: kwenye kichwa cha fimbo, kwenye ile kandambili, kwenye mti unaoulenga. Anayefikiria kiwiko wakati fimbo inashuka anachelewa. Mkwaju huisha kabla fikra haijafika. Simu ya mtu wa karibu yako ikupige picha kutoka nyuma, kwa sababu utahisi umepeleka fimbo kulia mno na picha itaonyesha umefika katikati tu. Amini picha.

Kesho asubuhi, kuanzia saa moja na nusu, nitakuwa kwenye uwanja wa mazoezi. Njooni na fimbo ya chuma namba 7 peke yake, draiva ziacheni kwenye gari. Makedi, nyinyi njooni saa moja kamili, kabla ya wenye mabegi, tuanze na mipini yenu.

Asanteni sana.